MPAKA WA SHAMBA NA UJIRANI MWEMA

Hotuba iliyosomwa mbele ya baraza la wakulima, Machakos



Nimeombwa kusema nanyi juu ya mipaka ya mashamba, na juu ya ua na miti isimamayo katika mipaka hiyo. Huenda mmoja wenu akafikiri moyoni mwake kwamba hili ni jambo dogo, lisilostahili kuwakusanya watu wazima chini ya mti siku ya kazi. Lakini kazi yangu ni kufasiri. Nimekaa miaka mingi kati ya hakimu na mzee asiyejua Kiingereza, nikichukua maneno ya huyu na kumpa yule, na naweza kuwaambieni kwamba sikumbuki juma lililopita bila shauri la mpaka. Nimewafasiria ndugu wa tumbo moja, na mjane na shemeji yake, na wazee wawili waliotahiriwa mwaka mmoja. Mara nyingi ardhi waliyoigombea ilikuwa haitoshi kupanda debe moja la mahindi.

Sababu ya ugomvi huu

Kwanza yatupasa kujua kwa nini mambo haya yamezidi. Hapo kale babu zetu Wakamba walikuwa na aina tatu za ardhi. Kulikuwa na weu, ambayo ni mbuga ya wote, kila mtu alilisha ng'ombe wake na kukata kuni. Kulikuwa na kisese, sehemu ya malisho ambayo mtu aliitenga kwa ajili ya mifugo yake. Na kulikuwa na ng'undu, yaani shamba lililolimwa, mali ya mtu na ya watoto wake baada yake. Mtu aliyebanwa aliweza kuhama na kufungua ng'undu mpya katika weu. Basi mpaka ukigombewa, mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Mlango huo umefungwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita sehemu ya ardhi nzuri, kama vile vilima vya Mua, ilichukuliwa na walowezi wa Kizungu, na watu wetu wakabaki kusongamana vilimani. Baada ya Vita Kuu vya 1939 hadi 1945 jamaa wengi walipelekwa kufungua mashamba mapya Makueni, lakini nako kukajaa. Katika mwaka 1932 watu wa wilaya nzima ya Machakos ya wakati ule walikuwa kama 240,000. Wilaya ile sasa ni kaunti mbili, Machakos na Makueni, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Machakos peke yake ilikuwa na watu 1,421,932, na Makueni 987,653. Yaani mahali pa mtu mmoja sasa wapo kumi, na vilima havikuongezeka hata kimoja. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, na kila mgawanyo huzaa mpaka mpya. Ndiyo maana hatua moja ya udongo, ambayo babu angeivuka bila kuitazama, leo humfanya mtu mwema achukue panga.

Shauri la nyumbani kwetu

Sitaki mdhani kwamba nimekuja kuwahubirieni kama mtu asiyejua uchungu wa jambo hili. Nitawaelezeni habari ya nyumbani kwetu, katika mteremko wa vilima vya Iveti, nami sitataja jina la mtu, kwa kuwa watoto wa pande zote mbili wangali hai na twasalimiana.

Babu yangu na jirani yake walipanda mkonge katika mpaka wao. Mkonge ule ulikuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka njia ya juu hata korongoni, na bibi zetu walikata majani yake, wakatoa nyuzi na kusuka vyondo. Hapakuwa na maneno. Baadaye mwana wa jirani yule, aliyerithi shamba, alipanda mikaratusi kumi na miwili upande wake, hatua moja tu kutoka kwenye mkonge. Alihitaji nguzo na mbao, na alikuwa na haki ya kupanda katika shamba lake. Lakini miti ilipokua, mama yangu aliona ya kuwa mistari minne ya mahindi iliyo karibu na mpaka haizai tena. Mahindi yalitoka ardhini, yakafika magotini, yakawa manjano.

Baba yangu alikwenda kulalamika, akajibiwa, "Mti wangu u katika shamba langu." Hilo lilikuwa kweli. Akaudhika, akachukua sururu, akachimba mtaro mrefu mpakani ili akate mizizi iliyoingia kwake. Kukata mizizi iliyoingia kwake kulikuwa haki yake. Lakini katika kuchimba aling'oa na mkonge, mche baada ya mche, akautupa korongoni. Mvua za Novemba zilipokuja, ule mtaro ukawa mto. Maji yaliteremka kwa nguvu, yakavunja makinga-maji ya jirani yaliyokuwa chini, na udongo wake wa miaka mingi ukaenda Athi usiku mmoja.

Hapo ndipo waliposhitakiana. Jirani alisema kwamba baba amehamisha mpaka. Baba alisema kwamba jirani amepanda miti ndani ya mpaka. Walikwenda moja kwa moja mahakamani, kila mmoja na wakili wake, na baada ya tarehe nyingi wakaambiwa kwamba shauri la mpaka wa shamba lililoandikishwa halianzii pale, sharti Msajili wa Ardhi auonyeshe mpaka kwanza. Wakaanza upya. Baba aliuza fahali, nami nilikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Jirani naye aliuza mikaratusi mitano kabla haijakomaa, ile miti aliyokuwa akiigombea.

Msajili alipokuja pamoja na mpima ardhi na ramani, wazee wote wa utui walihudhuria. Mpima alitazama ramani, akatazama ardhi, akauliza, "Ua uko wapi?" Hapakuwa na ua. Kila upande ulionyesha mahali pake, na kati ya mahali hapo pawili palikuwa na hatua tatu. Wazee wakaanza kubishana. Ndipo nyanya yangu, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza neno, akasimama na fimbo yake. Akasema kwamba amekata mkonge ule kwa miaka thelathini, na miguu yake yaujua. Akatembea polepole kutoka juu hata chini, akisimama hapa na pale na kusema, "Chimbeni." Wakachimba, wakakuta visiki vya mkonge vilivyooza. Mstari wake ulipita katikati kabisa. Baba alikuwa ameingia kwa jirani hatua moja na nusu, na jirani naye alikuwa akidai hatua moja na nusu isiyo yake.

Mambo hayakwisha hapo kama hadithi. Mwaka uliofuata nyanya alifariki, na katika kuchimba kaburi vijana wa jirani hawakuonekana. Mimi ni mtoto wa utui ule, nami sijapata kuona aibu kama ile. Miaka mingi ilipita kabla ya wazee wale wawili kunywa chai pamoja. Fahali hakurudi, wala udongo uliokwenda Athi haukurudi.

Ua ni shahidi

Katika habari ile mna funzo ambalo ningependa mlichukue nyumbani, nalo ni hili: ua wa mpakani ni shahidi, na mwenye kuung'oa amemwua shahidi wake mwenyewe.

Watu wengi husema, "Mimi sina wasiwasi, ninayo hati." Hati ni kitu chema, lakini fahamuni maana yake. Katika sehemu nyingi za Machakos mashamba yaliandikishwa kwa Sheria ya Kuamua Ardhi ya mwaka 1968. Kamati ya wenyeji wasiopungua kumi ilichaguliwa, mipaka ikatembelewa, na daftari ikawekwa wazi kwa siku 60 ili mwenye kinyongo alete malalamiko yake. Ramani za mashamba ya jinsi hii aghalabu zilichorwa kwa msaada wa picha zilizopigwa kutoka ndege. Ndiyo sababu watu waliambiwa wapande ua mpakani, ili mstari wake uonekane kutoka angani. Basi ramani ilifuata ua, si ua uliofuata ramani.

Kwa hiyo sheria yenyewe husema kwamba mpaka ulio katika ramani ya namna hii ni wa kukadiria tu, isipokuwa mahali ambapo umepimwa na kuandikwa kuwa mpaka thabiti. Ndivyo ilivyokuwa katika Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya 1963, na ndivyo ilivyo katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, iliyoshika mahali pake. Ramani itakuonyesha kwamba shamba lako limepakana na la fulani, na umbo lake ni hili. Haitakuambia kwamba mpaka wapita upande huu wa jiwe wala upande ule. Hilo laambiwa na ua, na mawe, na makinga-maji ya zamani, na macho ya watu waliokaa hapo.

Tena sheria ile ya 2012 yamwagiza kila mwenye shamba kuzitunza vizuri alama za mpaka wake, zikiwa ni ua, au mawe, au nguzo, au kuta. Msajili aweza kuamua kwa maandishi ni jirani yupi atakayetunza alama ipi. Na mtu anayeharibu au kuondoa alama ya mpaka kwa makusudi amefanya kosa la jinai, aweza kutozwa faini au kufungwa gerezani. Baba yangu hakujua hayo. Yeye alidhani anang'oa mkonge.

Miti iliyo mpakani

Sasa na tuseme juu ya miti. Tumshukuru Mungu kwamba twaweza kugombana juu ya miti, maana kulikuwa na wakati ambapo Ukamba ulikuwa ukitajwa kwa udongo mwekundu uliomomonyoka na vilima vilivyo vitupu. Leo vilima vile vina makinga-maji ya fanya juu, na kando yake maembe, machungwa, mgrevilea na mvinje. Kazi hiyo ilifanywa na watu wenyewe, hasa akina mama katika vikundi vya mwethya. Lakini mti haujui mpaka. Mizizi yake huenda kwenye maji, na matawi yake huenda kwenye nuru.

Miti mingine ni mlafi kuliko mingine. Katika shamba la majaribio la shirika la ICRAF lililokuwa hapa Machakos, wataalamu walipanda mgrevilea pamoja na mahindi katika miaka ya 1990. Mwanzoni yote yalikwenda vizuri, lakini miti ilipokuwa mikubwa mahindi yalipungua sana, kwa sababu katika nchi kavu kama yetu miti ilikuwa imeyatwaa maji. Ikiwa mgrevilea hufanya hivyo, mwafahamu wenyewe ya mkaratusi. Kwa hiyo mama anayelalamika kwamba mti wa jirani unamla mahindi yake hasemi maneno ya husuda. Anasema kweli, na yafaa asikilizwe.

Haki za kila mmoja ni zipi? Kenya, kwa Sheria ya Mahakama ya 1967, hufuata pia kanuni za sheria za Uingereza pale zinapofaa hali ya wananchi. Katika kanuni hizo liko shauri mashuhuri la Lemmon na Webb, lililochapishwa katika vitabu vya sheria mwaka 1895. Majaji wakuu walikubali ya kuwa mtu aweza kukata matawi ya mti wa jirani yanayoingia kwake, bila kumpa jirani taarifa, maadamu anayakata akiwa katika shamba lake mwenyewe na havuki mpaka. Kanuni ya mizizi ni hiyo hiyo. Lakini fahamuni vizuri: tawi ulilolikata si lako, na tunda lililo juu yake si lako. Mti ni wa mwenye shamba lenye shina, hata kama tawi lake limelala juu ya jiko lako. Mtu anayechuma maembe ya tawi lile na kuyapeleka sokoni Tala ameuza mali ya mwenziwe.

Babu zetu walilifahamu jambo hili kwa njia yao. Mtu aliyetundika mzinga wa nyuki katika mti alichora juu ya mzinga alama ya ukoo wake, na mzinga ukaheshimiwa, ingawa mti ulisimama mbali na nyumba yake. Walijua kwamba kitu chaweza kuwa mahali pa huyu na kuwa mali ya yule, na amani ikadumu.

Ingawa sheria yakuruhusu kukata tawi bila taarifa, mimi nasema toa taarifa. Haki inayotumiwa kimya kimya alfajiri kwa panga huonekana kama wizi. Nenda kwa jirani jioni, akiwa amekaa, umwambie, "Ndugu yangu, tawi lile lanitia kivuli. Nionyeshe siku tulikate pamoja." Mara nyingi atalikata mwenyewe, nawe utapewa na kuni.

Mambo ya kufanya

Haya hapa ni mashauri machache ambayo mtu aweza kuyafuata bila kutumia senti moja.

Kwanza, tembeeni mpaka pamoja. Mara moja kila mwaka, kabla ya mvua, jirani na jirani watembee mpaka wao kutoka mwanzo hata mwisho, nao wachukue watoto wao, wavulana na wasichana. Mche uliokufa upandwe mwingine mahali pale pale, si kando. Watoto waone kwa macho yao, kwa maana siku moja wao ndio watakaoulizwa.

Pili, chagueni mmea usio na ugomvi. Mkonge na mnyaa vimetufaa miaka mingi, maana hukaa mahali pamoja, havihitaji maji mengi, wala mbuzi havipendi. Ukiweka seng'enge, nguzo zisimame katika mstari mliokubaliana, na mjue kabla ya kununua ni nani alipaye nini. Miti mikubwa ikae ndani ya shamba lako, mbali na mpaka, na mkaratusi uwe mbali zaidi ya yote. Mti ambao tayari umesimama juu ya mstari wenyewe, uhesabuni kuwa wenu nyote wawili: hakuna atakayeuangusha peke yake, na siku utakapoangushwa mbao zigawanywe sawasawa.

Tatu, angalieni maji. Mtaro unaochimbwa mpakani bila mashauri ni bunduki iliyoelekezwa kwa mtu wa chini. Makinga-maji ya juu na ya chini hayana budi kupatana, na maji ya ziada yapelekwe katika njia ya asili yenye majani. Mteremko ni mmoja, ingawa hati ni mbili.

Nne, andikeni. Mkipatana juu ya mpaka, au juu ya njia ya kwenda mtoni, au juu ya mti, tafuteni karatasi, mwandike tarehe na maneno machache, mtie sahihi au dole gumba mbele ya wazee wawili, na kila mmoja aweke nakala yake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, mlindeni mjane. Nasema hili kwa uchungu, maana nimelifasiri mara nyingi mno. Mume akisha kuzikwa, ua huanza kutembea usiku. Leo mche mmoja, kesho miwili, na mama yule akinena huambiwa kwamba mwanamke hajui mipaka. Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumiwa mwaka 1981, yamlinda mjane na watoto wake, wa kiume na wa kike. Na kuhusu kujua mipaka, nimekwisha kuwaelezeni ni nani aliyeujua mpaka wetu.

Sita, msikae kimya kwa miaka. Sheria ya Muda wa Mashtaka yasema kwamba mtu aliyekalia ardhi ya mwingine waziwazi, bila ruhusa na bila kuzuiwa, kwa miaka 12, aweza kwenda mahakamani kuomba aandikwe mwenyewe. Upole ni sifa njema, lakini upole usiosema neno huweza kumnyima mtoto shamba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Njia ya shauri

Na ikiwa mmeshindwa kupatana, iko njia, na njia hiyo ifuatwe kwa mpango wake.

Anzeni na wazee. Babu zetu walikuwa na nzama, baraza la wazee wa utui, nao walikaa mpakani penyewe, si chumbani. Katika wakati wa ukoloni mashauri ya mipaka yalipelekwa katika Mahakama za Waafrika, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1951 mahali pa mabaraza yaliyotangulia, hata Sheria ya Mahakimu ya 1967 ilipoziunganisha mahakama zote. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na mabaraza ya mashauri ya ardhi kwa sheria ya 1990, nayo yaliondolewa mwaka 2011. Lakini wazee hawakuondolewa. Katiba ya mwaka 2010 yawaagiza majaji kuzitia nguvu njia za upatanisho na desturi, maadamu hazivunji haki za mtu wala sheria za nchi. Kwa hiyo patano lililofanywa mbele ya wazee na chifu si mchezo.

Hapa sina budi kuonya juu ya kithitu. Wako watu ambao, wakikasirika, husema, "Na tule kiapo, tuone ni nani atakayekufa." Wazee wenyewe walikiogopa kithitu, na walikitumia mwisho kabisa, kwa kuwa waliamini kwamba huua na jamaa wasio na hatia. Mtu anayetaka kuhatarisha ukoo mzima kwa ajili ya hatua moja na nusu ajiulize kwanza anatafuta haki au anatafuta kisasi.

Wazee wakishindwa, nendeni kwa Msajili wa Ardhi, mmwombe kwa maandishi auonyeshe mpaka. Yeye atawapa taarifa majirani wote wanaohusika, atakuja na mpima, atasikiliza watu, kisha ataamua. Mahakama haiwezi kusikiliza shauri juu ya mpaka wa shamba lililoandikishwa kabla ya kazi hiyo kufanywa. Atakayekuambia anza mahakamani anakupotezea fahali. Asiyeridhika na uamuzi huo ndiye awezaye kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo iliwekwa kwa sheria ya 2011, nayo ina kikao chake hapa Machakos.

Neno la mwisho

Wazee wangu, nimesema kwamba kazi yangu ni kufasiri, basi nitamaliza kwa neno moja la kazi yangu. Katika Kiswahili twasema jirani. Neno hilo halina shida, nami hulitumia kila siku. Lakini mzee wa Kikamba akisimama kizimbani hasemi jirani, husema mutui, yaani mtu wa utui, mwenzetu wa kijiji. Mara nyingi nimemsikia mzee akisema, "Mutui wangu ameniibia," na moyoni nimeona kwamba neno la Kiingereza ninalompa hakimu halichukui uzito wote. Kwa maana mutui ni yule atakayesikia ukipiga kelele usiku. Ndiye atakayekuja na jembe ukifiwa, na ndiye ambaye mke wake yuko pamoja na mke wako katika mwethya.

Nyumbani kwetu mkonge umepandwa upya. Niliupanda mimi na mwana wa jirani yule, katika mstari ule aliotuonyesha nyanya, na tukaweka jiwe kila hatua kumi. Mikaratusi imekwisha kukatwa, na mahali pake, hatua sita ndani, pana miembe. Maji ya mvua huteremka katika mtaro mmoja uliopandwa majani, ambao twaufagia pamoja kila Oktoba. Mahindi ya mistari minne yamerudi. Watoto wake na wangu hupita katika mkonge ule wakienda shule, nao wamekwisha kufanya kijinjia chao, nasi tumekubaliana tukiache.

Mrudipo nyumbani jioni hii, kabla ya kula, nendeni mkautazame mpaka wenu. Mkiona mche uliolala, mwiteni jirani.